Unga wa posho wa 2020 na shilingi 100,000 za 2021
Umeandika kwamba serikali ya Uganda ilitoa shilingi 100,000 nchi ilipofungwa mara ya kwanza kwa sababu ya korona, na kwamba chakula kiligawiwa kwa kila nyumba. Hapana, fedha hizo hazikutolewa wakati huo. Zilitumwa kwa simu Julai 2021, wakati wa kufungwa kwa pili. Mwaka 2020 kilichogawiwa Kampala na Wakiso, kuanzia Aprili, kilikuwa unga wa posho, yaani wa mahindi, kilo 6 na maharage kilo 3, tena kwa kila mtu, si kwa kila nyumba kama ulivyoandika. Nakumbuka kwa sababu hapa kwetu Bwaise, mtaa wa Kampala, tulihesabiwa vichwa mlangoni, na mtoto wa jirani aliyekuwa amelala nusura aachwe. Wahisani binafsi nao waliagizwa kupitisha misaada yao kwenye kikosi kazi cha serikali, ingawa usiku vifurushi vya sukari na sabuni viliendelea kupita vichochoroni.