Nani Alipata Kura, Lini, na kwa Masharti Gani?

Nchi gani ilitangulia kuwapa wanawake kura?

New Zealand, mwaka 1893, wakati huo ikiwa koloni la Uingereza lililojitawala. Lakini waliruhusiwa kuchagua tu. Haki ya kugombea ubunge waliisubiri hadi 1919. Finland ilitoa zote mbili kwa mkupuo mwaka 1906, na uchaguzi wa 1907 ukaingiza wanawake 19 bungeni.

Watu weusi wa Marekani walipewa kura 1870. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilikuwa ya nini tena?

Marekebisho ya 15 ya katiba yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Sababu nyingine hayakuzigusa, na majimbo ya kusini hayakukosa sababu. Kulikuwa na kodi ya kura, iliyodaiwa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Mississippi, mwombaji aliweza kupewa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, na karani aliyemwandikisha ndiye huyohuyo aliyeamua kama kaeleza vizuri. Louisiana, mwaka 1898, ilimsamehe masharti yeyote ambaye yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya Januari 1, 1867, yaani kabla weusi hawajaruhusiwa. Daftari la jimbo hilo lilikuwa na weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufikia 1904 hawakufika 1,400. Neno "mweusi" halimo popote katika masharti hayo, na hapo ndipo ujanja ulipo.

Sheria ya 1965 ilisimamisha mitihani kama ule wa Mississippi, ikapeleka waandikishaji wa serikali kuu, na ikayalazimu majimbo yenye rekodi mbaya kuomba kibali kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi. Kibali ndicho kilichokuwa na meno. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilifuta kigezo cha kuyatambua majimbo hayo, meno yakang'oka.

Kura ya siri, si kibanda tu?

Hapana. Karatasi zikichapwa na vyama, rangi na ukubwa wake humsaliti mpiga kura akiwa bado kwenye foleni. Siri hukamilika serikali inapochapisha karatasi moja yenye majina yote, kama yalivyofanya makoloni ya Victoria na South Australia, huko Australia, mwaka 1856. Uingereza ilifuata 1872. Kabla ya hapo mpangaji alimtaja mgombea wake kwa sauti, wakala wa mwenye ardhi akisikiliza. Kasoro ni kwamba asiyejua kusoma hukwama, ndiyo maana nchi nyingi huweka picha au alama.

Kwa nini miaka 18?

Zamani ilikuwa 21 kwingi. Uingereza ilishusha 1969. Marekani ilishusha 1971, baada ya vijana wake kupelekwa vitani Vietnam bila kura. Austria iko 16 tangu 2007.