Maswali ya Wasomaji: Ramu Inayonuka Gundi

Habari za kazi, wataalamu. Nililetewa chupa ya ramu ya Jamaika, imeandikwa asilimia 63. Nilipoifungua ilinuka gundi ya mbao na ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka. Nimeuziwa iliyochakachuliwa? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Hujachakachuliwa kitu, ndugu. Hiyo ndiyo Jamaika yenyewe, na wapo wanaoitafuta kwa udi na uvumba kwa ajili ya harufu hiyohiyo unayoikimbia.

Harufu hiyo inatokana na esta, ambazo huzaliwa asidi inapokutana na alkoholi. Moja hunuka ndizi, nyingine nanasi, nyingine ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Viwanda vya ramu nyepesi huchachusha molasi, yale masalia mazito meusi ya kiwanda cha sukari, siku moja au mbili kwa chachu maalumu, kisha hukimbilia mtamboni kuikeneka. Hampden, kiwanda kilichopo Trelawny huko Jamaika, huiacha molasi ichachuke wiki nzima na zaidi kwa chachu ya mwituni iliyojikalia kwenye mbao za matangi. Humo hutiwa pia masalia ya mpiko uliopita, maji meusi machungu yanayobaki chini ya mtambo, ambayo wenyewe huyaita dunder. Bakteria hunawiri, asidi hupanda, na esta hufuata.

Hampden huzihesabu esta kwa gramu katika kila lita 100 za alkoholi tupu, na kila daraja la ramu yao lina alama yake ya herufi. Alama ya OWH ina gramu 40 hadi 80. DOK, iliyo juu kabisa, ina 1,500 hadi 1,600, na hiyo 1,600 ndiyo mwisho unaoruhusiwa Jamaika. DOK haikutengenezwa ili mtu ajimiminie glasi nzima. Ni ya kutia kidogo kwenye ramu nyepesi au kwenye keki.

Sasa namna ya kuinywa hiyo yako. Ukizamisha pua kwenye asilimia 63 utapata moto tu. Mimina mililita 30, yaani toti moja, ongeza mililita 15 za maji: itashuka hadi kama 42. Tumia glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, ya mvinyo inatosha. Iache dakika kumi. Esta ya gundi ni nyepesi, huruka kwanza, na chini yake utakuta nanasi na zeituni za chumvi. Nusa pua ikiwa usawa wa ukingo na mdomo umeachama kidogo. Funda la kwanza ni la kulowesha ulimi, usilitolee hukumu.

Nimenunua ramu nyeupe ya Martinique, kile kisiwa cha Karibi, nikatengeneza mojito (ramu, ndimu, sukari na mnanaa), ikanuka majani. Mimi nimezoea ramu nyeupe isiyo na makuu. Imekaa vibaya? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

La. Tazama lebo: neno limeandikwa kwa h, "rhum", na karibu yake pana "agricole". Maana yake haikupikwa kwa molasi bali kwa juisi mbichi ya miwa. Simama karibu na mashine ya muuza juisi ya miwa anapopitisha bua mara ya pili, lile ganda linapopondeka: harufu ni hiyo. Molasi ni kile kinachosalia baada ya juisi kuchemshwa na sukari kutolewa, kwa hiyo majani yote yamekwisha kwenda na mvuke. Martinique imejiwekea kanuni kali tangu 1996: miwa itoke katika mashamba yaliyotajwa, na pombe itoke mtamboni ikiwa kati ya asilimia 65 na 75, isisafishwe mpaka ikapoteza harufu.

Mojito si mahali pake. Wenyewe huinywa kama ti' punch. Kata kipande cha ndimu ubavuni, kiwe na ganda zaidi ya nyama, ukubwa wa sarafu. Kikamulie ndani ya glasi ndogo, kitumbukize, tia kijiko cha chai cha shira ya miwa, koroga, ndipo umimine mililita 50 za ramu. Sukari iguse ganda kwanza, maana ndiyo inayoshika mafuta ya ndimu. Ukikamua ndimu nzima umeshaizika. Asidi itafunika kila kitu. Shira ukiikosa, chemsha gramu 200 za sukari guru kwa mililita 100 za maji, uchuje. Na iwe ndimu, si limau!

Siku nyingine ukitaka za jamii hiyo bila kuvuka Atlantiki, tafuta za Réunion au Morisi, visiwa vya Bahari ya Hindi.

Ramu nyeusi ndiyo iliyokaa pipani miaka mingi? (Msomaji, Nakuru)

Si lazima. Rangi nyeusi mara nyingi ni karameli, yaani sukari iliyounguzwa, na kuna ramu nyeupe zilizokaa pipani miaka mitatu kisha zikachujwa kwa makaa mpaka zikang'aa. Soma namba ya miaka kwenye lebo badala ya rangi, lakini kwa macho mawili. Jamaika na Barbados namba ni umri wa ramu changa kuliko zote zilizomo chupani. Ukiona namba kubwa karibu na neno "solera", yaani mtindo wa kuchanganya changa na kongwe mapipani, huenda ni umri wa ile kongwe, ambayo pengine imo kwa vijiko.

Joto nalo lihesabu. Scotland pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza. Karibi ni asilimia 6 au zaidi. Pipa la lita 200 likikaa huko miaka 12, hubaki na lita 95 hivi. Ndiyo maana bei.

Ramu niipendayo ni tamu kama asali. Rafiki ananicheka, anasema nakunywa sukari. (Msomaji, Hamburg, Ujerumani)

Rafiki yako ana hoja. Sukari haipandi na mvuke, kwa hiyo kinachotoka mtamboni hakina utamu wa sukari hata chembe. Pipa huleta vanila na harufu za utamu, ila utamu unaonata mdomoni umetiwa baadaye. Huko uliko, sheria ya Umoja wa Ulaya huruhusu gramu 20 kwa lita. Ikizidi hapo haiwezi kuuzwa kwa jina la ramu. Soma basi kama chupa yako imeandikwa ramu kweli.

Kipimo cha nyumbani: mwaga kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe, ulale. Asubuhi pitisha kidole. Ramu isiyotiwa kitu huacha doa kavu la pipa. Iliyotiwa sukari hunata. Ukitaka namba, nunua kipima kileo cha kuelea, upime ramu ikiwa nyuzi 20 za selisiasi. Iliyoandikwa 40 ikisoma 35, ina karibu gramu 20 kwa lita. Ikisoma 30, kama gramu 40. Kuipenda si dhambi. Tatizo ni kwamba sukari huficha ramu iliyopikwa ovyo, nawe unalipia bei ya ramu nzuri.

Huku tunalima vanila. Nimeloweka maganda kwenye ramu miezi miwili, hayajatoa harufu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Bukoba)

Bila shaka uliyatoa mtini yakiwa mabichi. Ganda la kijani halina harufu. Huipata baada ya kutiwa maji moto, kufunikwa litoke jasho, na kuanikwa kwa wiki kadhaa mpaka liwe jeusi na laini kama ngozi. Tumia yaliyokwisha kaushwa, uyapasue kwa urefu.

Réunion, ambako kuloweka ramu ni kazi ya kila nyumba, huanza na ramu nyeupe ya asilimia 49 au 50, wala si kwa ulevi. Gramu 400 za nanasi zina maji yapata mililita 340. Ukizitia kwenye lita moja ya ramu ya 40, inashuka hadi 30. Ukianza na 50 unabaki na 37. Ongeza maganda mawili ya vanila na gramu 50 za sukari guru, funga, weka gizani miezi mitatu. Tunda lizame lote, linaloelea juu hugeuka kahawia na kuleta ladha ya kuoza. Ukitia kijiti cha mdalasini, kitoe baada ya wiki mbili. Karafuu weka moja, au acha kabisa: mbili tatu hutia ulimi ganzi, na lile nanasi hutalisikia tena.

Chupa iliyofunguliwa niilaze au niisimamishe? (Msomaji, Morogoro)

Isimamishe, mbali na jua. Ikilala, kileo hukila kizibo na kizibo hutia ladha yake humo. Ikibaki robo, ihamishie chupa ndogo.