Taiti isiyoonyesha ukichuchumaa: usiiangalie ikiwa imelala, ivute

Mleta mada anasema taiti yake nyeusi haina neno akiwa amesimama, ila akichuchumaa inaonyesha hata mstari wa chupi, na anauliza anunue ya kitambaa gani. Waliotangulia wamemwambia anunue nyeusi, wengine wamemwambia atafute ya bei kubwa. Nyeusi anayo tayari. La bei nitalifikia. Mimi nanyanyua vyuma na pia nashona, kwa hiyo taiti nyingi zimepita mikononi mwangu, za kwangu na za watu wanaoniletea nirekebishe. Nitajibu kwa urefu kidogo. Mwenye haraka ashuke mpaka pale pa kupima kwa mkono.

Taiti hufumwa kama sweta, yaani ni vitanzi vidogo vidogo vya uzi vilivyoshikana. Ukiivuta, vitanzi vinafunguka na mwanga unapata njia. Unapita, unagonga ngozi au chupi, unarudi nje, na aliye nyuma yako anaona. Ukisimama, sehemu ya makalio haijavutwa sana. Ukishuka chini kabisa, ngozi yenyewe inatanuka na kitambaa lazima kiifuate. Ndiyo maana kukishika kitambaa dukani na kusema "hiki kizito" hakukusaidii. Cha kujua ni kama kitaendelea kuziba kikivutwa kwa kiasi kile utakachokivuta wewe, kwenye mwili wako.

Kwa hiyo kabla ya kitambaa naanza na saizi, na kwa ninavyoona mimi hapa ndipo lilipo tatizo la watu wengi. Mtu anachukua saizi ndogo ili imbane tumbo, kisha analaumu kitambaa. Taiti nzuri kabisa ukiivaa ndogo itaonyesha, kwa sababu imeshavutwa karibu na mwisho wake kabla hujaanza hata zoezi. Dalili zake zinaonekana: kitambaa kinang'aa kwenye mapaja na makalio kuliko kwenye ndama za miguu, kiunoni kinajikunja kushuka, na msamba haufiki juu unapotakiwa kukaa. Jipime nyonga pale palipo papana kuliko pote, ndipo uangalie jedwali la saizi la hiyo taiti. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Fundi anaweza kukupunguzia kiuno kwa muda mfupi tu, lakini nyonga hawezi kukuongezea. Mishono ya taiti nyingi imelazwa bapa na haina akiba ya kitambaa ya kufungulia.

Halafu kuna namna ya kuvaa, jambo linalodharauliwa sana. Wengi tunashika kiunoni na kuvuta juu kwa nguvu. Kitambaa kinabaki kimejazana kwenye goti na kwenye ndama, huku makalioni kikiwa kimekazwa kama ngoma. Ivae kama soksi ndefu: ikusanye yote mkononi, anzia kifundo cha mguu, ilaze ndama, goti, paja, ndipo upandishe nyonga. Ukishamaliza, chuchumaa mara moja, simama, kisha finya kitambaa cha mapaja na ukisogeze juu kidogo kidogo. Kuna taiti nilizodhani hazifai ambazo zilitulia kwa hilo peke yake.

Sasa kupima kwa mkono. Igeuze taiti upate sehemu ya makalio, si mguuni, maana mguuni kila taiti inafaulu. Ingiza mkono ndani, kunja ngumi, kisogeze kitambaa kikae sawa juu ya vifundo vya vidole, halafu tanua vidole polepole mpaka mwisho. Fanya hivyo chini ya taa kali au dirishani. Kama unaona kucha zinaishia wapi, au pete, au mstari kati ya kidole na kidole, hiyo irudishe. Kama unachoona ni umbo tu la mkono na rangi imebaki ile ile, endelea. Sasa achia ghafla. Kitambaa kizuri kinarudi mahali pake papo hapo. Kikiacha uvimbe pale vifundo vilipokuwa, ujue uwezo wake wa kujirudisha ni dhaifu na baada ya kufuliwa mara kadhaa kitaanza kulegea magotini na makalioni. Kabla hujaiweka chini, shika mshono wa nyuma kwa mikono miwili na uutanue. Ukiona nyuzi za mshono zinajitokeza na vitundu kando ya kila mshono, hapo ndipo itakapochanika siku moja ukiwa chini na chuma mgongoni.

Kipimo cha pili ni kuivaa. Vyumba vya kujaribia nguo kwa kawaida vina taa mbele ya kioo au juu ya kichwa. Unajiangalia kwa mbele, mbele pana mwanga, nyuma pana kivuli, unatoka umeridhika. Mwanga unatakiwa uangukie makalio. Geuka uipe taa au dirisha mgongo, weka simu nyuma yako usawa wa nyonga, rekodi video. Chuchumaa mpaka mwisho na ukae hapo kidogo, kisha inama miguu ikiwa imenyooka kama unaokota chuma. Hiyo ya kuinama usiiache, kwa watu wengi inavuta kitambaa kuliko hata kuchuchumaa. Itazame video ukiwa umeongeza mwanga wa skrini. Na siku ya kujaribu vaa chupi yenye rangi kali au maua, ile ambayo usingependa mtu aione. Ikifichika hiyo, nyingine zote zitafichika. Watu hufanya kinyume, wanajaribia na chupi ya rangi ya ngozi, halafu siku ya mazoezi wanavaa nyeupe.

Ukinunua mtandaoni huna mkono wala kioo, kwa hiyo inabidi usome. Tafuta uzito wa kitambaa, unaoandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba, mara nyingi kwa kifupi GSM. Chini ya 200 mimi siiamini kwa mazoezi ya kuchuchumaa, inanitosha kwa kutembea au kulalia. Kati ya 250 na 320 ndipo ninapotulia. Lakini namba hiyo hupimwa kitambaa kikiwa kimelala, na kitambaa kizito kilichofumwa kwa vitanzi vilivyoachana bado kinaweza kukuaibisha. Hivyo angalia pia ufumaji. Kama wameandika interloki, hiyo ni safu mbili za vitanzi zilizofungana, na pande zake mbili zinafanana. Kitambaa cha safu moja utakijua ukikigeuza: nje kuna vijistari vidogo vya umbo la V, ndani kuna vinundu, na kikikatwa pembeni kinajikunja. Cha safu moja kinakuwa chepesi na laini, ila kikivutwa kinafunguka mapema. Kama muuzaji ana picha za mwanamitindo aliyesimama tu, muombe picha ya aliyechuchumaa. Asipokuwa nayo, picha za wanunuzi huwa na ukweli zaidi kuliko maelezo yake.

Kuhusu lebo. Nyingi ni nailoni au poliesta pamoja na spandeksi, yaani uzi unaovutika na kurudi. Nailoni ni laini zaidi mwilini, poliesta inakauka haraka, na zote mbili zinaweza kuziba vizuri au vibaya. Spandeksi kati ya asilimia 15 na 25 inatosha. Msidanganywe kwamba spandeksi nyingi ndiyo inayoziba. Kazi yake ni kurudisha kitambaa mahali pake, na haishiki rangi sawasawa na nyuzi nyingine, kwa hiyo taiti ikivutwa kupita kiasi unaweza kuona kijimng'ao cheupe kwenye nyeusi. Watu wakiona hivyo husema imechuja. Pamba yenye spandeksi kidogo naiacha iwe ya nyumbani, inakunywa jasho na kulegea.

Zenye maua na michoro zina ujanja wake. Nyingi huwa poliesta nyeupe iliyochapwa rangi juu kwa joto. Igeuze uone ndani. Ndani ikiwa nyeupe, rangi iko juu tu, na ukiivuta ule weupe wa ndani unajitokeza. Niliwahi kumrekebishia mteja kiuno cha moja kama hiyo: mwenyewe alipoivaa, maua ya miguuni yalikuwa mekundu yaliyoiva na yale ya nyongani yalikuwa waridi hafifu, kama yamepigwa jua. Hakukuwa na ngozi iliyoonekana, lakini kwa mbali ungeapa kwamba inaonyesha. Ukitaka michoro, tafuta ile ambayo rangi imeingia mpaka ndani, au yenye msingi mweusi.

Rangi za kukwepa zinajulikana: nyeupe, kijivu hafifu, waridi la mtoto. Ubaya wa rangi hizi unaongezeka ukitoa jasho. Kitambaa kikavu kina hewa kati ya nyuzi, na hiyo hewa inasaidia kuutawanya mwanga. Maji yakiingia mahali pa hewa, mwanga unapita kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana taiti nyeupe inaweza kufaulu vipimo vyote hapo juu ukiwa mkavu na kukuangusha katikati ya mazoezi. Ukiipenda sana nyeupe, ilowanishe kidogo unapoijaribu nyumbani, au nunua yenye kitambaa cha pili ndani. Bluu iliyokolea, kijani cha chupa, zambarau nzito na kahawia nyeusi zinafanya kazi sawa na nyeusi, na hazionyeshi vumbi sana.

Sasa bei. Mwaka 2013 kampuni ya Kanada, Lululemon, ambayo taiti zake si za bei ndogo, iliondoa madukani suruali nyeusi za yoga kwa sababu zilikuwa zinaonyesha. Zilikuwa takribani asilimia 17 ya suruali zote za wanawake kwenye maduka yake. Mkurugenzi mtendaji wa wakati huo, Christine Day, akaja kuwaeleza wawekezaji kwamba njia pekee ya kuligundua tatizo lile ni kuivaa suruali na kuinama. Baadaye mwaka huo huo mwanzilishi, Chip Wilson, akasema kwenye televisheni kwamba miili ya baadhi ya wanawake haiziwezi suruali hizo. Kelele zilizofuata mnaweza kuzikisia, na Desemba akatangaza kuachia uenyekiti. Mimi nachukua ile kauli ya Day. Kama kampuni yenye maabara na wakaguzi ilifika mahali pa kusema vaa uiname, wewe na mimi hatuna sababu ya kuamini kibandiko cha bei.

Chupi zenyewe sitazizungumzia sana. Chukua inayokaribia rangi ya ngozi yako, isiyo na mishono minene. Inapunguza kuonekana, haitibu kitambaa kibovu.

Kufua ndiko kunakoua taiti nzuri kimyakimya. Spandeksi inaharibiwa na joto na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Fua kwa maji baridi au yasiyozidi nyuzijoto 30, ukiwa umeigeuza ndani nje, bila kilainisha nguo, na usiikamue kwa kuisokota. Anika kivulini. Mashine ya kukaushia kwa joto na pasi zisahau kabisa. Kingine kinachoila ni kusuguana: katikati ya mapaja, na makalioni kwa wanaopenda kukaa kwenye sakafu ya saruji wakijinyoosha. Taiti zenye manyoya mafupi laini kama ngozi ya pichi zinaathirika zaidi, kwa sababu yale manyoya ndiyo yanayosaidia kuziba, na yakishasuguliwa yakaisha kinabaki kitambaa chenyewe. Kila baada ya muda ishike mbele ya dirisha uiangalie sehemu hizo. Ukiona pamepauka kuliko pengine, haifai tena kwa kuchuchumaa hata kama mwanzoni ilifaulu.

Kwa hiyo dada, kuhusu hiyo nyeusi uliyonayo: jipime nyonga leo ulinganishe na lebo. Kama ni ndogo, usinunue kitambaa tofauti, nunua saizi yako ya ile ile, uifanyie video kabla hujakata lebo ili uweze kuirudisha. Kama saizi ni sahihi na umeivaa kwa kuanzia chini lakini bado inaonyesha, kitambaa hakina uwezo, na hakuna utakachokifanya. Ibakize kwa kutembea na fulana ndefu. Ukiweza tuandikie asilimia zilizoko kwenye lebo na useme ndani yake panafanana na nje au la, nitakuambia ni kitambaa cha aina gani ili usikinunue tena.