Kodi ya mwaka isikulevye

Wewe unayeanza kupangisha, nakuanzia na lililoniuma mwenyewe. Hapa Unguja tumezoea kupokea kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Mpangaji anakuhesabia pesa, unatia saini, unajiona tajiri. Kumbe siku hiyo ndiyo umeingia deni: miezi 12 ya bati lisilovuja na karo la choo lisilofurika.

Kodi yangu ya kwanza, ya nyumba ya Fuoni, niliipokea Januari. Februari nikachimba msingi wa nyumba ya pili. Mwezi wa nne, masika yamepamba moto, simu ikalia saa tisa usiku: "Mzee, maji yanaingia juu ya kitanda cha watoto." Fundi alipopanda alikuta bati zima, misumari ndiyo imeliwa na kutu na mipira yake imepasuka. Kubadilisha misumari si kazi kubwa. Kilichoniua ni dari, ilishalowa na kushuka katikati kama tumbo la ng'ombe. Mfukoni sina kitu, saruji yote iko shimoni. Nikaenda kukopa kwa shemegi yangu, na maneno yake mpaka leo nayasikia.

Sasa kodi ya mwaka naigawa siku ileile. Ya mwezi mmoja na nusu inakaa mbali, haiguswi mpaka nyumba yenyewe idai. Fundi wa bati namwita kwenye jua la kaskazi, maana Machi ikiingia kila mtu anamtaka. (Kama umerithi nyumba ya Mji Mkongwe, hesabu zako ni nyingine kabisa: kuta za mawe na chokaa hazitaki plasta ya saruji, na huanzi kuigusa bila ruhusa ya mamlaka.)

La umeme: usiweke wapangaji wawili kwenye mita moja ya Tukuza, hii ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Mimi niliweka. Mmoja alikuwa na taa mbili na feni, mwenzake anauza barafu za ukwaju, friji mbili usiku kucha. Kila umeme ukikatika naitwa mimi kuamua kama kadhi. Maji nayo yaandikeni: pampu inayopandisha maji kwenye tangi inakula umeme wa nani?

Mpangaji mpya mpeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, na kitambulisho chake kabla hajaingiza godoro. Sheha atakwambia kwa nusu sentensi mambo ambayo wewe utayajua baada ya miezi mitatu. Kisha zungukeni nyumba pamoja, mfungue kila bomba, mvute maji chooni, mpige picha. Mkataba uwe na mashahidi, hata kama mpangaji ni mtoto wa mjomba. Hasa kama ni mtoto wa mjomba.

Dalali sina ugomvi naye, ila elewa riziki yake iko wapi. Kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja kila mtu anapoingia, kwa hiyo mpangaji anayetulia hamletei kitu. Ndiyo maana atakunong'oneza kwamba kodi yako iko chini, mtoe huyu, kuna mtu anatoa zaidi. Piga hesabu kwanza: rangi, vitasa, miezi miwili nyumba tupu.

Yule wa Fuoni, mwenye watoto waliolowa, huu ni mwaka wake wa saba. Kila Desemba dalali ananipitia barazani kuuliza kama bado yupo.