Anza na mafaili, kisha toka na wakaguzi wako

Hongera kwa cheo. Umeuliza msimamizi mpya wa wakaguzi wa matumizi ya ardhi aanzie wapi. Anza na mafaili ya kesi zilizo wazi. Chukua kumi hivi, usome kila moja kama hakimu atakavyoisoma: kiwanja kipi, kifungu kipi kimevunjwa, picha ilipigwa tarehe gani, ilani, yaani barua ya onyo, alipewa nani, mkaguzi alirudi lini. Kesi nyingi hufia hapo. Ukiukaji ni wa kweli kabisa, lakini ilani imeandikwa "ujenzi holela" bila kutaja kifungu, au amepewa mpangaji na mwenye kiwanja hana habari.

Linaloniuma zaidi ni majengo ya zamani. Sehemu nyingi, matumizi yaliyoanza kihalali kabla ya kanuni kubadilika huruhusiwa kuendelea, mradi yasipanuliwe. Mkaguzi asiyefuatilia historia ya kibali anaweza kumfungia mtu karakana yake ya halali. Kwa hiyo weka sharti: hakuna ilani kabla ya kupekua kumbukumbu za vibali na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi.

Wabadilishe wakaguzi maeneo mara kwa mara, maana rushwa huota kwenye mazoea. Na usitegemee malalamiko ya majirani peke yake. Mengine ni ugomvi wa mpaka tu, na mitaa isiyojua pa kulalamikia itasahaulika. Wewe mwenyewe toka na wakaguzi wako angalau siku moja kwa wiki.