Mikono iliyokufa ganzi haishiki bunduki: kwa vijana wetu mnaokwenda kuwinda Kanada

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Konde aliyehamia Ontario aliniandikia: "Ami, wenzangu kazini wamenialika kuwinda kulungu Novemba. Kozi nimeshafanya, leseni ninayo. Wananiambia baridi ya msituni si ile ya kituo cha basi. Ninunue kipasha mikono kipi, cha zamani cha mafuta au hiki cha kuchaji?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini najua yupo mwengine Mtambwe na mwengine Darajani wanaopanga safari hiyo hiyo, basi leo naandika kwa urefu.

Nimekaa Ontario miaka mingi kabla ya kurudi kuishi Wete, na msimu wa kulungu ukiingia nilikuwa simo tena mjini. Watu wa hapa, ambao kipupwe cha Julai kinawatosha kujitanda shuka mbili, huniuliza nilikuwa nafuata nini. Nilifuata nyama, na nilifuata heshima pia.

Siku ya kwanza kambini, mwenye kambi alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akatoa boksi zima la vifuko vya joto akaniwekea mezani mbele ya watu wote. "Mtu wa visiwani," akasema, "hivi vyote vyako, na saa tatu utakuwa umesharudi ndani." Wakacheka. Nikamshukuru. Jioni ile mtu wa mwisho kushuka dunguni nilikuwa mimi, na kwa giza lilivyokuwa walikuja kunitafuta kwa tochi. Hata hivyo kicheko kile bado kinaniuma, na sitaki kijana yeyote wa Pemba achekwe vile.

Huko wengi huwindia juu ya dungu lililofungwa mtini. Sisi tuliokulia kwenye mikarafuu kukaa mtini hakutushindi, lakini mikono ya mchumaji karafuu haitulii, na mwindaji wa dunguni hata kujikuna hatakiwi. Hapo ndipo baridi inapokupata. Kiwiliwili kikianza kupoa, mwili hubana mishipa ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwenye moyo na maini. Ndiyo maana utamwona mtu ameshika kipasha joto kwa viganja vyote viwili na vidole bado havina habari. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipasha mikono, uliza umevaa nini kifuani. Fulana ya ndani iwe ya sufu, ya pamba iache nyumbani. Koti libebe mkononi mpaka ufike dunguni, kwa sababu ukitembea nalo utatoka jasho, na jasho litakupoza kuliko upepo.

Sasa vipasha mikono. Wazee wa huko walitia mfukoni mawe yaliyopashwa motoni, au viazi vya kuchoma ambavyo saa ya njaa walivila. Kikaja kibati cha kijiti cha makaa, unakiwasha ncha kinaungua taratibu humo ndani. Mwaka 1923 huko Japan, Niichi Matoba akaleta kile cha mafuta kinachotumia madini ya platini, na baadaye wawindaji wa Marekani wakazoea Jon-e, kilichotengenezwa Minneapolis. Hiki ndicho ninachokipenda, na sioni haya kusema kwamba cha zamani kimewashinda wengi waliokuja baada yake.

Ndani yake mna pamba inayonyonya mafuta ya kiberiti, yale mepesi ya kujazia viberiti vya chuma. Juu pana kichwa chenye nyuzi zilizotiwa platini. Unakisogezea kichwa kile moto wa kibiriti kwa sekunde kama 10, unauondoa, unafunika kwa kifuniko chenye matundu. Huoni mwali, huoni moshi. Mvuke wa mafuta unakutana na hewa juu ya platini na joto linatoka, na ukikijaza vizuri kinakwenda saa 12 au zaidi. Changu nilikitia kwenye kifuko chake cha kitambaa nikakiweka mfuko wa kifuani, nikawa naingiza mkono mmoja, nautoa, naingiza wa pili. Kinataka hewa, ukikibana sana kinazimika. Na usilale nacho ndani ya gari au hema lililofungwa.

Watakwambia kinanuka petroli na kulungu ana pua kali. Ni kweli. Kaa mahali upepo unapotoka kwa mnyama kuja kwako. Jasho lako nalo analinusa.

Vifuko vya kutupa vina unga wa chuma, chumvi, mkaa na maji kidogo. Ukifungua pakiti hewa inaingia, chuma kinashika kutu kwa haraka, na kule kushika kutu ndiko kunakotoa joto. Vifungue mapema kidogo, visiguse ngozi tupu, na kilichobaki na nguvu kifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, kitatulia mpaka utakapokihitaji. Vile vya maji ya chumvi iitwayo sodiamu asetati, vya kubofya kijisahani cha chuma kilichomo ndani, vinapanda zaidi ya nyuzi 50 papo hapo, na ukivichemsha vinarudi upya, lakini joto lake halikai. Kwa dunguni havifai.

Cha kuchaji ni kisafi, hakinuki, na joto unalipandisha na kulishusha utakavyo. Ubaya wake betri ya lithiamu hudhoofika kwenye baridi, na vijana mnakitumia kuchajia simu. Ndegeni kiwe kwenye mkoba wa mkononi, usikitie sandukuni. Mafuta ya kiberiti hayapandi ndege kabisa, utanunua huko huko.

Asubuhi niliyopata kulungu wangu wa kwanza barafu ilikuwa imeganda kwenye ndevu zangu. Dume lilitokea ukingoni mwa misonobari, likainua mguu mmoja wa mbele, likaushusha pale pale. Nilivua glavu ya kulia. Kidole kilikuwa na uhai wake wote: nilisikia ubaridi wa kifyatulio, nikasikia mahali kinapoanza kukaza. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar. Mwenye kambi ndiye aliyenisaidia kulikokota, na safari hii hakuna aliyecheka.

Vijana wangu, acheni kuona haya kusema mnasikia baridi. Kidole kilichokufa ganzi hakijui kimegusa nini, na aliye mbele ya bunduki yako anaweza kuwa mtu mwenye koti la rangi ya chungwa. Ukiona huvisikii vidole, toa risasi, shuka, rudi kambini ukaote moto. Wazazi wenu hawakukupelekeni huko ili mrudi na vidole pungufu, au na roho ya mtu shingoni. Nunua viatu kabla ya kununua simu. Nunua sufu kabla ya viatu.

Kwa hiyo wewe wa Konde, nunua kibati cha mafuta kwa kifuani na vifuko vya kutupa kwa ndani ya glavu, zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja. Bakisha pakiti moja isiyofunguliwa na glavu kavu kwa baada ya kuchinja. Mikono itakuwa imerowa damu, kazi ya kupasua ni ndefu, na hapo ndipo wengi huumia kwa baridi wakidhani windo limekwisha.