Kabla ya Kusema "Lazima Itakuwa Hivi"

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, baada ya kilomita 72 hivi unafika Kayabwe, ikweta inapokatiza barabara. Vijana wa pale wana mabeseni yenye tundu chini, na husema mzunguko wa dunia ndio unaoamua maji yazunguke upande gani. La kaskazini maji yanazunguka huku, la kusini yanazunguka kule, la mstarini yanashuka wima, na ua dogo linaelea juu kuonyesha mzunguko. Wageni ninaowaendesha nawaambia wafurahie, watoe chochote, ila waangalie mkono wa anayemimina.

Hatua chache kutoka ikweta, mzunguko wa dunia hauwezi kuamua lolote ndani ya beseni. Linaloamua ni jinsi maji yalivyomiminwa. Mwaka 1962, Ascher Shapiro, mhandisi wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, mbali kabisa na ikweta, aliyaacha maji yatulie saa 24 kwenye tangi pana ndipo athari ya mzunguko wa dunia ikaonekana.

Kwa hiyo ukiambiwa jambo lazima liwe hivi, uliza linaamuliwa na nini, na je, hicho kinatosha? Mteja hunipigia: "Ndugu, Masaka shilingi ngapi?" Simtajii bei. Siku gani? Watu wangapi? Tunalala huko? Mafuta ya nani? Swali lake ni kama x + y = 10, lina majibu chungu nzima na yote ni sahihi. Ongeza x − y = 4, hapo zinabaki 7 na 3 tu. Ugomvi mwingi wa madereva na abiria, kwa nionavyo, hauna tapeli ndani yake. Kila mtu ameshika jibu lake, na mapatano yaliruhusu yote mawili.

Ila kuamuliwa si kujulikana. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Kanuni zilezile, bila bahati nasibu yoyote, zikamletea hali ya hewa nyingine kabisa. Hapo ndipo wanaosema "yote yamepangwa" wanaponichosha kidogo: sawa, yamepangwa, lakini ratiba anayo nani?

Mei 2023 Mto Katonga ulifurika, barabara ya Masaka ikafungwa, magari yakazungushwa kupitia Sembabule. Mafuriko yale yalikuwa na sababu zake, ila mimi dereva sikuwa nazo mkononi. Siku hizi naandika kabisa kwenye mapatano: njia ikikatika, mafuta ya kuzunguka ni juu ya mteja, na akitaka tugeuze, analipa nusu.